Simu ikirudi kabatini, isitolewe na kilio

Mtoto wa miaka 6 anayejitupa sakafuni ukimchukulia simu hajashindikana. Amejifunza hesabu rahisi: nikilia dakika 10, mama atachoka. Siku uliyompa simu ili wageni wasisumbuke, ndiyo uliyomfundisha hivyo.

Panga naye muda wa simu mkiwa mmetulia, si katikati ya vurugu. Simu ni kwa dakika 30 tu, baada ya chakula cha mchana, basi. Zikibaki 5, msogelee, mguse bega, mwambie: "Dakika tano, halafu simu inarudi kabatini." Usipige kelele kutoka jikoni, hasikii, katuni zimemteka. Muda ukiisha, nyoosha mkono, sema mara moja tu: "Nipe simu, mwanangu." Hesabu moyoni hadi 10. Asipotoa, ichukue bila hotuba, na kesho hapati. Kesho tu! Adhabu ya mwezi mzima utaivunja mwenyewe kabla wiki haijaisha.

Siku za mwanzo kilio kitazidi. Wazazi wengi huachia hapo wakidhani njia haifanyi kazi, kumbe mtoto anasukuma mlango uliozoea kufunguka. Kaa karibu, sema "Najua umekasirika," kisha nyamaza. Akirusha vitu, ondoa vinavyovunjika. Akipiga, mshike mkono taratibu: "Hapana, hatupigi." Nawe usimpige, tafadhali, neno hilo litakosa maana.

Baba, bibi na dada wa kazi wote wafuate sheria ile ile. Bibi akiingiwa na huruma, mpe kazi: simu ikirudi kabatini, yeye ndiye amwite mjukuu wakachambue mchele.