Siku moja maishani mwangu: fundi taa, Boxer na usiku wa mwaloni

Saa 11:00 alfajiri

Nikipanga mizigo naanza na mnyororo wa kufungia pikipiki yangu usiku. Urefu wake mita moja na nusu, pingili zake nene za milimita 12, uzito unakaribia kilo 5. Ukiutia mwisho, pikipiki inayumba njia nzima kama mbuzi mwenye mimba. Nimeuvisha tyubu ya baiskeli ili usichubue rangi. Juu yake nikaweka mita ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu, risasi ya kulehemia, mfuko wa swichi na betri nne nilizofunga kwa khanga kuukuu.

Mama alitoka na chai akautazama mnyororo. "Unakwenda kufunga meli?" Huniuliza hivyo kila safari, na kila safari nacheka.

Natengeneza taa za wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikielea juu ya maji kuwavuta. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola, ndiyo maana mtu kama mimi anakula. Mwezi ukishakuwa mpevu ziwa lote linang'aa na taa hazimvuti dagaa yeyote, basi wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu, wakilala, wakinywa. Siku hizo za mbalamwezi ndiyo mavuno yangu. Ubaya wake ni kwamba nalala ugenini wakati ambao mialo, yaani fukwe wanakoegesha mitumbwi, imefurika watu wasio na shughuli usiku. Sisemi wavuvi ni wezi, wateja wangu mnisamehe. Ila penye watu wengi wasiojuana, mgeni akisukuma pikipiki usiku hakuna anayemuuliza anaipeleka wapi.

Saa 12:40 asubuhi

Nilitoka Buhongwa, Mwanza, nikapita Usagara, nikashika njia ya Kigongo. Daraja la Kigongo–Busisi lina kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na mpaka leo nikilipanda napunguza mwendo nitazame maji. Wakati wa kivuko tulikuwa tunapanga foleni Kigongo, tunakula mahindi ya kuchoma, tunasubiri. Sasa dakika chache uko Busisi.

Kuna jambo moja nililiwaza pale katikati, upepo ukinipiga. Foleni ya kivuko ilikuwa inamchelewesha mwizi pia. Pikipiki ikiibwa ng'ambo, ilibidi isimame gatini mbele za watu ingoje chombo, na mwenye mali alikuwa na muda wa kupiga simu Kigongo. Sasa ikitoka Sengerema usiku, unapoamka kuswaki huenda imeshapita Usagara. Daraja nalipenda. Lakini limefanya dakika za mwanzo ziwe na thamani kuliko zamani.

Saa 3:00 asubuhi

Sengerema. Petroli, vitumbua viwili, vocha. Vocha ni ya laini iliyo ndani ya kifaa cha jipiesi nilichokificha kwenye pikipiki. Sitasema nimekificha wapi. Wengi hununua kifaa, wakafurahia wiki ya kwanza kuiona pikipiki ikitembea kwenye simu, kisha wakasahau kwamba ile laini inakula salio kama laini nyingine yoyote. Salio likiisha, umebeba pambo.

Saa 5:15 asubuhi

Nilifika mwaloni upande wa Nyakaliro, kisiwa cha Kome kikionekana ng'ambo. Kabla ya kwenda kwa wateja nilisimama kwanza kwenye kijiwe cha bodaboda. Nikazima, nikavua helmeti, nikawaamkia wote mmoja mmoja, na mwenyekiti wao aliye mtu mzima nikampa shikamoo yake. Nikauliza swali lile lile ninalouliza kila mwalo: ninyi mkilala nje, pikipiki zenu mnaziweka wapi?

Siulizi gesti ipi nzuri. Gesti nzuri utaambiwa ni yenye godoro jipya na televisheni. Bodaboda analala na roho yake nje, kwa hiyo anajua uzio upi una tundu na mlinzi yupi hulewa. Mwenyekiti alinitajia mbili, kisha akaitaja ya tatu akatikisa kichwa tu.

Saa 6:00 mchana hadi saa 10:00 jioni

Kazi. Taa kumi na saba chini ya mwembe, na hadithi ni ile ile: maji yameingia, kutu imekula nyaya, mtu kaunga kwa plasta ya kidonda. Dagaa wameanikwa pembeni, harufu imekolea hadi ukinywa maji unaisikia. Kijana mmoja aliniletea betri iliyovimba kama andazi akataka niiokoe. Nilimwambia ukweli, akaondoka amenuna.

Muda wote huo pikipiki ilikuwa mbele yangu, na kila aliyepita aliiona. Watu watatu waliniuliza kwa nyakati tofauti, "Dada fundi, leo unalala huku?" Huenda walikuwa wakarimu tu. Nikawajibu wote, "Nikimaliza naondoka." Uongo mdogo, na Mungu anajua sababu.

Saa 10:30 jioni

Hapa ndipo kazi ya usiku huanza, jua likiwa bado juu. Kufuli linakununulia dakika tu. Mahali pa kulifungia lazima upachague ukiwa unaona, kwa sababu saa 4 usiku gesti zote zinafanana.

Miaka mitatu iliyopita niliibiwa pikipiki yangu ya kwanza, wilaya nyingine, gesti siitaji. Ilikuwa na ukuta, geti la chuma, na kile kibao cha uongozi kutohusika na upotevu wa mali yako. Nilikunja usukani, nikafunga kwa ufunguo, nikalala kama mfalme. Ile loki ya usukani ni kipini kidogo tu: mtu mwenye nguvu akiukaza usukani kwa mkupuo mmoja, kinakatika. Asubuhi nilikuta matone ya oili na geti limefunguliwa kwa ndani. Kwa ndani! Mwizi alikuwa mgeni mwenzangu, alilipia chumba, akaandika jina kwenye kitabu, jina ambalo hakuna aliyezaliwa nalo. Ukuta wote ule ulikuwa unamlinda yeye asionekane.

Nikaenda polisi kuchukua RB, ile namba ya taarifa ya wizi. Wakaniomba kadi ya pikipiki. Kadi ilikuwa chini ya siti. Namba ya chesisi sikuijua kwa kichwa. Na bima yangu ilikuwa ile ndogo, inayomlipa mtu utakayemgonga, wizi hauihusu. Tangu hapo kadi inabaki kwa mama ndani ya sanduku, natembea na kopi, na namba za chesisi na injini nimezipiga picha zikae kwenye simu yangu na ya mdogo wangu.

Basi nikaenda kukagua gesti mbili. Ya kwanza ilikuwa na uwanja mpana wenye taa, lakini hakuna kitu cha kufungia mnyororo, na gari aina ya kirikuu ingeweza kurudi nyuma hadi ukutani. Pikipiki iliyofungwa peke yake, bila kushikizwa na kitu, wanaume wanne wanaibeba kama jeneza. Ya pili ilikuwa ndogo, bati limeshika kutu, choo nje, lakini ina kibaraza kirefu chenye nguzo za zege. Mama mwenye gesti alikuwa anapepeta mchele.

"Mwadila, mayo," nikamsalimia Kisukuma, akatabasamu, akanikubalia kibaraza.

Saa 1:15 usiku

Nilingoja giza ndipo nikahamia. Mwezi ulikuwa umepita upevu siku mbili, kwa hiyo huchelewa kutoka, na nafasi ile ya giza ilinitosha.

Kufunga kwenyewe kuna namna yake. Breki ya mbele ya Boxer yangu ni ya dramu, kwa hiyo lile kufuli dogo la diski linalouzwa mjini halina pa kukaa. Natumia mnyororo: unapita kwenye rimu ya nyuma, unaishika fremu, unaizunguka nguzo. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, wanalifungua, wanakuachia gurudumu. Mnyororo nauvuta ukaze usiguse sakafu, kwa sababu ukilala chini mtu anapata pa kuegemeza mkasi wa nondo au pa kuupigia nyundo. Tundu la ufunguo linatazama chini. Nikafunga koki ya mafuta, nikazima swichi ya siri niliyoiunga mwenyewe, nikawasha alamu, nikafunika yote kwa turubai chakavu la rangi ya vumbi. Turubai halizuii chochote, ila mpita njia hajui kama chini yake kuna Boxer au mashine mbovu ya kusaga.

Nilitaka kuiingiza chumbani. Mwenye gesti akakataa, na alikuwa na haki: mvuke wa petroli katika chumba chenye dirisha la ukubwa wa sahani si wa kuchezea.

Mlinzi alikuwa mzee mwenye koti la jeshi, rungu na tochi hafifu. Nikamwamkia, tukakubaliana shilingi 3,000. Nusu nikampa pale pale, nusu asubuhi. Nilimwonyesha chumba changu na kumpa namba yangu ya simu. Akaikariri kwa sauti mara tatu.

Saa 2:30 usiku

Ugali na sato. Kulala.

Saa 8:05 usiku

Alamu ikalia.

Mwanamke ukilala peke yako gesti, hapa ndipo pa kufikiri. Pikipiki inakulilia nje, moyo unakwambia kimbia, lakini nje huko hujui wako wangapi. Kanuni yangu nimejiwekea siku nyingi: sifungui mlango. Niliwasha taa, nikapiga kelele "Babu! Babu!", nikampigia mzee simu huku nachungulia dirishani. Mwezi ulikuwa juu ya paa, uwanja umeng'aa kama mchana, kibaraza tu ndicho cheusi. Nikasikia sauti ya mwanamume ikitukana.

Hakuwa mwizi. Alikuwa mpangaji wa chumba namba 4, ametoka kunywa. Nami kwa werevu wangu wote, nguzo niliyoichagua ilikuwa mbele ya mlango wake. Amefika, akakuta turubai limemzibia njia, akasukuma apite. Alamu ikamlilia mapajani. Gesti nzima iliamka. Mtoto akaanza kulia chumba cha mwisho, mwenye gesti akatoka na khanga mabegani.

"Dada, hata mimi ni mgeni hapa," yule bwana alisema, akijitahidi kusimama wima. "Nimelipa."

Nikamwomba radhi mara nne. Kisha tukafungua yote na kuanza upya kwenye nguzo ya pili, mzee akinimulikia, mimi nikitafuta tundu la kufuli kwa vidole. Niliporudi kitandani usingizi ulikuwa umekwisha. Nikakaa nikihesabu majogoo.

Saa 11:40 alfajiri

Nilivuta turubai. Boxer ilikuwa pale, ina umande. Nikakunja mnyororo, nikafungua koki, nikarudisha swichi, nikaenda getini kulipa deni langu.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, rungu mapajani, kofia imemfunika macho, anakoroma polepole. Nikakohoa. Nikakohoa tena.

"Shikamoo, babu."

Akashtuka, akalishika rungu. "Marahaba, mjukuu wangu." Akanitazama, akatazama noti mkononi mwangu, kisha akanong'ona, "Pikipiki ipo?"