Kupima mashapo ya Bonde la Kilombero, kiangazi na masika

Mtu akisimama pembezoni mwa Ifakara, nchini Tanzania, na kutazama mashamba ya mpunga, uwanda wa mafuriko wa Mto Kilombero humwonekea tambarare na wa udongo wa aina moja, ilhali chini yake mambo ni tofauti kabisa. Mito inayoteremka kwa kasi kutoka Milima ya Udzungwa hutua changarawe na mchanga pale mteremko unapokoma, kisha hubeba tope laini hadi katikati ya bonde, ambako maji ya mafuriko hutuama na kuacha mfinyanzi. Mto wenyewe nao huhamahama, na kila unapohama huacha nyuma yake mkondo uliojaa mchanga, ambao mafuriko ya miaka inayofuata huufunika kwa mfinyanzi. Mchanga huo uliozikwa una uzito mkubwa katika kuamua kisima kipi kitatoa maji ya kutosha na jaruba lipi litayapoteza.

Zamani mikondo ya namna hiyo ilitafutwa kwa kuchimba. Ramani za mwanajiolojia Harold Fisk za bonde la Mississippi huko Marekani, zilizotolewa mwaka 1944, zilitegemea picha za anga pamoja na maelfu ya matundu. Katika Kilombero, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000 lililoingia katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2002, nisingependa kuona kazi ya namna hiyo, na si kwa sababu ya gharama tu: tundu lisilozibwa vizuri katika tabaka la mfinyanzi huwa njia ya kupitisha maji ya mashambani, pamoja na mbolea yake, hadi kwenye maji ya kunywa.

Ndiyo maana napendelea kupima ukinzani wa umeme, yaani jinsi udongo unavyozuia umeme kupita. Vijiti vya chuma hupigiliwa kwa mstari, umeme hupitishwa kati ya viwili, na volti husomwa kati ya vingine viwili. Kadiri vijiti vinavyoachana, ndivyo kipimo kinavyofika chini zaidi, hadi takriban moja ya tano ya urefu wa mstari mzima. Mfinyanzi hupitisha umeme kwa urahisi, na ukinzani wake mara nyingi huwa chini ya omu-mita 20 (omu-mita ni kizio cha ukinzani huo), wakati mchanga wenye maji yasiyo na chumvi huwa juu zaidi.

Tatizo ni kwamba mstari uliopimwa mara moja unaweza kudanganya. Mchanga uliojaa maji yenye chumvi husomeka kama mfinyanzi, na mfinyanzi uliokauka na kupasuka husomeka kama mchanga. Mwezi Oktoba nyufa huwa pana kiasi cha kumeza kiganja, na kijiti kilichopigiliwa humo hakishiki udongo. Inabidi kukihamisha kidogo, kumwagia maji ya chumvi kuzunguka shina lake na kusubiri hadi ukinzani wa mguso kati ya kijiti na udongo ushuke. Kwa hiyo nashikilia kwamba mstari uleule upimwe kiangazi na urudiwe masika, vijiti vikiwa palepale, na vipimo vilivyosomwa virekebishwe kwa joto la udongo, kwa kuwa nyuzi moja tu ya joto hubadilisha upitishaji wa umeme kwa takriban asilimia 2. Maji ya ardhini yanapopanda, mchanga uliokuwa mkavu hushuka sana ukinzani wake, ilhali mfinyanzi ulio chini ya kina cha nyufa, ambao haukauki kabisa, hubadilika kidogo. Tofauti hiyo ya misimu hunieleza mengi kuliko picha yoyote moja inayochorwa kutokana na vipimo, hata iwe ya rangi nzuri namna gani.

Rada ya kupenya ardhi ni nzuri kwenye mchanga wa miguu ya milima, lakini katikati ya bonde mfinyanzi huyanyonya mawimbi yake kabla hayajafika mbali, na sioni sababu ya kuipeleka huko. Kifaa cha sumaku-umeme kama EM38, kinachobebwa mkononi bila kugusa udongo, husoma upitishaji wa umeme wa takriban mita 1.5 za juu na hufaa kwa kutembelea majaruba mengi kwa siku moja.

Mwisho huja keekee ya mkono. Matundu machache hutosha, mradi yawekwe pale ambapo vipimo vya misimu miwili vinapingana, na yazibwe kwa mfinyanzi uleule uliotolewa kabla ya kuondoka shambani.