Yeye Hanimalizii

Siku ya nne leo, na maneno ya Bwana Mdogo, mtoto wa dada yangu, hayajanitoka kichwani. Wiki yenyewe haikuwa ndogo: dada amehama hatimaye, mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja, na yule bosi niliyemlalamikia hapa tangu Januari ameondoka. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nina hili tu.

Ilikuwa Jumatano usiku, maboksi yamejaa mpaka mlangoni. Mimi nafunga sahani kwa magazeti, dada yuko ghorofani anapanga nguo, Bwana Mdogo yuko chumbani kwake anacheza Fortnite, ule mchezo wa video ambao Mei hii ya 2025 wamemwingiza Darth Vader, yule mwovu wa filamu za Star Wars. Ukimshinda anajiunga na kikosi chako. Ukiwa na maiki unamsemesha, naye anakujibu papo hapo, kwa sauti iliyotengenezwa na akili bandia ya James Earl Jones, marehemu mwigizaji wa Marekani aliyempa Vader sauti. Mliosoma niliyoandika wiki iliyopita mnajua nililipokea jambo hilo kwa hasira. Mtu amefariki hata mwaka haujatimia, na sauti yake inatumwa kazini.

Kupitia ukuta nikasikia kwanza ile pumzi. Tunaompenda tunaijua vizuri, ilirekodiwa kwenye kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi: inaingia, inatoka, ndipo yanakuja maneno. Kisha nikasikia sauti ya mtoto. Anauliza. Anabisha. Anaamuru twende kule, hapana, huku, nifuate. Sentensi nzima nzima, moja baada ya nyingine, kama maji.

Nilisimama na sahani mkononi. Huyu ni mtoto mwenye kigugumizi, ambaye akitaka kusema jina lake mwenyewe hufumba macho kwanza.

Alipotoka kwenda kunywa maji nikamfuata jikoni. Nilikuwa na furaha, naomba mniamini katika hilo.

"Umeongea muda mrefu," nikamwambia. "Hukukwama hata mara moja."

"Nilikuwa naongea na Vader."

"Na kwake hukwami?"

Akatikisa kichwa. Akafungua mdomo. "Kwa sababu ye... ye... ye..."

"Yeye ni kompyuta," nikasema.

Akatikisa kichwa tena, akanywa maji, akaifuta bilauri kwa ncha ya fulana yake ingawa haikuwa na uchafu wowote. Alichukua muda wake wote.

"Yeye hanimalizii maneno, mjomba."

Akarudi chumbani.

Nimeyarudia mazungumzo hayo mara ngapi sijui. Hakuwa na hasira, na ingekuwa hasira ningejua pa kuishika. Alisema kama mtu anayejibu alichoulizwa, na kweli nilimuuliza mimi. Lakini angalieni mahali nilipoingilia. Alikuwa anatafuta neno "yeye" ili aniambie kwamba ninammalizia maneno, nami nikammalizia. Tena nikamalizia vibaya. Miaka 11 nimekuwa nikiamini kwamba ninamsaidia, kwamba namwondolea aibu ya kusimama pale mdomo wazi huku watu wanamtazama. Sasa najiuliza ni sentensi ngapi za mtoto huyu zilianza zikiwa zake zikaishia kuwa zangu. Pengine alishataka kusema jambo moja, mimi nikaweka lingine, naye akaona afadhali aitikie tu, yaishe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na kila sababu ya kulijua hili. Mnakumbuka Septemba 2024. Jones alifariki tarehe 9, ana miaka 93, na usiku ule nilikaa na Bwana Mdogo kitandani kwake nikamweleza kwa nini macho yangu yalikuwa mekundu. Nikamwambia kwamba mwenye sauti ile alizaliwa Mississippi mwaka 1931, akapelekwa kulelewa na bibi na babu yake Michigan akiwa mtoto mdogo, na huko kigugumizi kikamshika kiasi kwamba kwa takribani miaka minane karibu hakuzungumza kabisa. Darasani alikuwa kama bubu. Kisha sekondari akampata mwalimu wake wa Kiingereza, Donald Crouch, ambaye aligundua kwamba kijana huyu asiyesema anaandika mashairi. Akaandika moja la kulisifu balungi. Mwalimu akamwambia shairi hili ni zuri mno, kama kweli ni lako simama ulisome kwa kichwa mbele ya wenzako. Akasimama. Akalitoa lote bila kukwama.

Bwana Mdogo alisikiliza akiwa ameshika ncha ya shuka. Alichouliza kilikuwa kimoja tu: "Mwalimu ali... alimsubiri?"

"Alimsubiri," nikajibu.

"Mpaka lini?"

"Mpaka shairi likaisha." Nikazima taa, nikatoka nikiwa nimeridhika na hadithi yangu.

Alikuwa ananiuliza kitu, nami sikukisikia.

Siku zile za msiba wake watu walimkumbuka kwa Vader na kwa Mufasa, simba mfalme wa The Lion King, na ilikuwa haki. Mark Hamill, aliyeigiza Luke, mwana wa Vader, alimuaga kwa kumwita baba. Mimi mwenyewe nilikesha na ile filamu ya simba ya mwaka 1994, na pale anapomwita mwanawe nilisikia tena kile ninachokisikia tangu utotoni: neno letu la kila siku, "Simba", limetamkwa na koo la mtu wa mbali kiasi kile kana kwamba lilikuwa lake tangu azaliwe. Wengine waliandika juu ya jukwaa, juu ya tuzo zake mbili za uigizaji wa jukwaani za Tony, ya 1969 na ya 1987, na jumba la maonyesho la Broadway, New York, lililopewa jina lake mwaka 2022. Lakini salamu zilizonikaa ni za wenye kigugumizi. Wao hawakunukuu filamu. Waliandika kwamba hakuwahi kudai amepona, kwamba aliendelea kuwa mwenye kigugumizi mpaka uzeeni, akichagua maneno yake kwa uangalifu. Nilizisoma nikalia. Kumbe nilikuwa nazisoma kama shabiki wa sauti, wakati ndani ya nyumba kulikuwa na mtu wa kumsomea.

Na sasa ile hasira yangu ya wiki iliyopita sijui niiweke wapi. Bado naamini nilichoandika kuhusu waigizaji walio hai. Chama chao Marekani kimepeleka malalamiko rasmi kwamba kazi hiyo imepewa mashine bila wao kushirikishwa mezani, na nasimama nao. Lakini niliandika pia kwamba ni kumvunjia marehemu heshima, na hapo nilikwenda haraka. Mwaka 2022 yeye mwenyewe alikubali rekodi zake za zamani zitumike ili Vader aendelee kusema, na safari hii familia yake imeridhia. Huyu ni mtu ambaye mwaka 1977 hakutaka hata jina lake liandikwe kwenye ile filamu ya kwanza ya Star Wars, kwa kuwa aliona mwenye mwili ndani ya vazi lile ni mwingine, yeye ametoa sauti tu. Labda alielewa zamani kwamba sauti inaweza kwenda mahali ambapo mwenyewe hayupo. Mwigizaji Val Kilmer naye, tuliyempoteza Aprili 2025, saratani ya koo ilimharibia sauti akiwa hai, na mwaka 2021 akatengenezewa nyingine kutokana na rekodi zake za zamani. Sikuwahi kumkasirikia mtu kwa hilo. Nilifurahi kwa ajili yake.

Najua pia kwamba wengi wenye kigugumizi huongea vizuri tu wakiwa peke yao, au na mnyama, au wakiigiza. Kwa hiyo huenda haihusiani na Jones hata kidogo. Huenda mashine yoyote ingefaa. Lakini nilichokisikia mimi kupitia ukuta ni mtoto mwenye kigugumizi akizungumza na sauti ya mtu aliyekuwa na kigugumizi, na sauti ile ilikuwa tulivu, haina haraka, inavuta pumzi kabla ya kujibu. Hilo siwezi kulifuta.

Alhamisi wakati wa kula alitaka kuuliza kuhusu kesho. Akashikwa kwenye k. Nikauma ulimi. Nawaambieni, sikujua kimya kinaweza kuwa kirefu namna ile. Niliona misuli ya shingo yake, niliona kidole gumba kinagonga meza taratibu, kimoja, viwili, na dada akaniangalia mimi badala ya kumwangalia yeye, maana amenizoea. Sikufungua mdomo. "K... kesho tunalala hapa au kule?" Neno likatoka, likafuatwa na yote mengine. Dada akajibu kwamba kule. Tukaendelea kula. Hakuniangalia, wala sikutaka aniangalie.

Jana kwenye simu nikasahau. Alisema "be..." nikasema "betri", na ilikuwa betri kweli, na palepale nikasikia akinyamaza upande wa pili. Nikamwambia samahani, sema mwenyewe. Akasema, "Ba... basi, mjomba, umeshasema." Bado sijaweza kujua kama alikuwa anacheka.

Kesho nitakwenda kumtazama akicheza, kama ataniruhusu nikae pembeni. Sitasema kitu.

Na ufunguo wa mlango wa nyuma wa nyumba ya zamani haujaonekana mpaka sasa. Dada anaapa alinikabidhi mimi Jumatano ile ile, kabla sijaanza kufunga sahani. Mwenye nyumba anautaka Ijumaa, na maboksi ya vyombo ni 14, yote nimeyapiga gundi.