Mkaguzi hana laini ya Tanzania

Aplikesheni niliyowaandikia wakulima wa kahawa wa chama kimoja cha msingi huko Kibosho ilikuwa inafanya kazi vizuri. Kahawa inapimwa, karani anaingiza kilo, mkulima anaziona kwenye simu yake kabla hajaondoka mizani. Tulipoipeleka kwenye duka la aplikesheni la Apple, wakaguzi wake wakaikataa. Naandika hili kwa ajili ya vijana wenzangu wa Moshi na Arusha ambao barua ya namna hiyo huwakatisha tamaa hadi wakaacha kazi nzuri njiani.

Barua ilisema wameshindwa kuingia. Kwetu mtu huingia kwa namba ya simu inayoanza na 255, kisha hupokea tarakimu sita kwa ujumbe mfupi. Mkaguzi yuko ng'ambo, hana laini yetu, kwa hiyo kwake kila kitu kiliishia ukurasa wa kwanza. Kifungu cha 2.1 cha masharti ya Apple kinataka aplikesheni yenye kuingia kwa akaunti iletwe pamoja na akaunti ya majaribio inayofanya kazi. Wala si jambo la ajabu kukwama hapo. Mwaka 2022 Apple ilikagua maombi ya aplikesheni zaidi ya milioni 6 na kukataa takriban milioni 1.7, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la utendaji, yaani aplikesheni zinazokwama, zinazozima au zisizokamilika.

Basi nikatenga namba moja ambayo seva huikubali kwa tarakimu zisizobadilika, bila kutuma ujumbe wowote, na isiyogusa kumbukumbu za wakulima wa kweli. Akaunti tupu haimsaidii mkaguzi. Niliijaza mkulima wa kubuni mwenye mizani ya misimu miwili, malipo, hata deni la pembejeo, ili kila kitufe kiwe na kitu cha kuonyesha. Halafu nikakumbuka kwamba seva yetu ilikuwa imefungwa isipokee wageni kutoka nje ya nchi, kinga tuliyoiweka dhidi ya wadukuzi. Tukaiondoa, na badala yake tukaweka ukomo wa mara ambazo mtu anaweza kujaribu kuingia. Mwisho nikaandika maelezo mafupi ya Kiingereza, hatua kwa hatua, na kuambatanisha video ya skrini.

Ruhusa nazo zina mambo yake. Tulikuwa tunaomba mahali simu ilipo ili kuchora mipaka ya shamba, na maelezo yetu yalisema tu kwamba aplikesheni inahitaji mahali ulipo. Hayo hayatoshi, sema unachukua nini na cha kazi gani. Kwa Android, wengi hapa nchini hupenda kusoma ujumbe wa malipo ya simu moja kwa moja. Google imebana ruhusa hiyo tangu 2019, na ni aplikesheni chache tu zinazoruhusiwa. Kwa tarakimu za kuingia ipo njia ya Google iitwayo SMS Retriever, inayoipa aplikesheni ujumbe uliotumwa kwa ajili yake tu, isiyohitaji ruhusa kabisa. Mimi naona katazo hilo ni la haki: simu ya mzee imebeba siri zake zote za fedha.

Lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni kufuta akaunti. Tangu Juni 30, 2022, Apple inataka aplikesheni yoyote inayofungua akaunti imwezeshe mtumiaji kuifuta humohumo. Nikampelekea karani wa chama sharti hilo, naye mama huyo akauliza:

“Mwanangu, kilo zikifutika, mwisho wa msimu mzee atalipwa kwa ushahidi gani?”

“Shikamoo yako mama, kilo hazifutiki. Kinachofutika ni akaunti ya simu.”

“Basi mwandikie hivyo hivyo, aelewe kabla hajabonyeza.”

Tukafanya kama alivyosema. Ukibonyeza kufuta, namba, picha na ramani ya shamba vinaondoka. Hesabu za mizani zinabaki kwenye daftari la chama, na ukurasa huo unaeleza sababu kwa Kiswahili chepesi. Maneno yaleyale tumeyaweka kwenye sera ya faragha, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inatuhusu.

Toleo lililofuata lilipita. Akaunti ya majaribio sijaifunga, maana kila toleo jipya hukaguliwa upya, na kabla ya kutuma naingia nayo mwenyewe kwenye simu isiyo na laini.