Kutoka Amu Kwenda Unguja kwa Njia ya Nairobi

Safari yangu ilianza kwa maji, kama zinavyoanza safari zetu zote watu wa Amu, yaani Lamu. Uwanja wa ndege uko kisiwa cha pili, Manda, kwa hiyo abiria huteremka gatini na mzigo wake, akapanda mashua, akavuka. Mimi nilipakata mkate wa sinia wa kumpelekea shangazi Unguja, nimeufunga kwa kitambaa, bado una joto la mkaa.

Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma sawasawa. Nahodha, mzee wa umri wa babangu, aliniuliza naelekea wapi. Nikamwambia: Unguja, kwa kupitia Nairobi.

"Mwanangu," akasema, "kwa upepo huu marehemu baba alikuwa aking'oa nanga hapa na kushika njia ya kusini moja kwa moja. Nairobi kuna nini?"

Swali hilo nilipanda nalo ndege. Amu na Unguja zimeachana kama kilomita 470 kwa mstari ulionyooka. Amu na Nairobi ni karibu zizo hizo, ila unaipa bahari mgongo. Kisha toka Nairobi kurudi pwani hadi Unguja ni 600 nyingine. Nilikuwa nazunguka zaidi ya mara mbili ya njia ya marehemu yule.

Nairobi kuna watu, mzee wangu. Sensa ya 2019 iliwahesabu karibu milioni 4.4 jijini, na sisi kaunti nzima ya Lamu hatukufika 144,000. Isitoshe, Wakenya wengi wamekaa nyanda za juu na upande wa magharibi hadi ziwani, na Nairobi iko karibu nao. Ndege huenda kuliko na watu wa kujaza viti. Miji kumi ikitaka kila mmoja ufike kwa mwenzake bila kituo, zahitajika njia 45. Mmoja ukifanywa kitovu, 9 zatosha. Ndani ya ndege yetu ya propela niliona hesabu hiyo kwa macho: jirani yangu alikuwa anakwenda Kisumu, nyuma yetu wageni wawili wa Amsterdam. Wa Unguja nilikuwa peke yangu. Nani angerusha ndege kwa ajili yangu?

Ndivyo ilivyo hata kwa wakubwa. Atlanta imekuwa kitovu kwa sababu Wamarekani wanane katika kila kumi wako ndani ya mwendo wa saa mbili angani. Dubai yenyewe haina watu wengi sana, lakini kwa saa nane za ndege inafikia thuluthi mbili za walimwengu, ikiwa na India upande mmoja na Ulaya upande wa pili.

Linaloniuma ni hili. Ukijumlisha Lamu, Kilifi na Mombasa, ukaongeza Zanzibar yenye karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, unapata zaidi ya milioni 4.6. Tunaizidi Nairobi! Lakini tumepangwa ufukweni kama shanga kwenye uzi, upande mmoja bahari, na mpaka wa nchi mbili umepita katikati. Upepo haukujali hayo. Kaskazi iliwaleta wafanyabiashara, kusi ikawarudisha, na kila bandari ilipata fungu lake. Natamani ndege moja ndogo ifuate njia ile: Amu, Malindi, Mombasa, Unguja. Naamini ingepata abiria, wakijua kwamba ipo na kwamba haitaacha kuja.

Tulitua Wilson, uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi, alasiri. Ndege ya Unguja ilikuwa ya asubuhi, tena inaondokea uwanja mkubwa wa Embakasi, kwa hiyo kulikuwa na foleni ya magari ya kuvuka jiji, kisha chumba cha kulipia usiku mmoja. Baridi ya huko ilinikuta na kanzu nyepesi.

Shangazi aliufungua mkate mchana wa siku ya pili. Akaubonyeza ukingo kwa kidole.

"Mbona umekauka hivi? Umepitia wapi?"

"Nairobi, shangazi."

Akaenda kuchemsha chai ya kuuchovyea.