Darasa la maji mafu

Nilipopewa kikundi cha kina mama wakulima wa mwani, wilaya ya Micheweni kisiwani Pemba, niwafundishe kuandika mahesabu ya kikundi chao, nilipata ushauri mwingi kuliko chaki. Mzee mmoja barazani alinihukumia kazi kabla sijaianza: samaki mkunje angali mbichi. Kwenye mafunzo ya wakufunzi nako tukaoneshwa piramidi: mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, hadi 90 ya anachofanya. Tukapewa na dodoso la kuwagawa wanafunzi: huyu wa macho, yule wa masikio, yule wa mikono.

Mie nikioneshwa takwimu huuliza zimetoka wapi. Piramidi ile huhusishwa na Mmarekani Edgar Dale, ambaye mwaka 1946 alichora koni ya namna za kufundishia, bila asilimia hata moja. Namba waliziongeza wengine. (Na utafiti gani huo ukatoa 10, 20, 30 zilizojipanga vizuri namna ile?) Kuhusu macho na masikio, mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipekua tafiti mwaka 2008, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba mtu akifundishwa kwa "aina" yake hujifunza zaidi. Dodoso likabaki mkobani. Mizani uione, bei uisikie, daftari uliandike. Sijui ningemnyima nani kipi.

Mtihani wenyewe ulikuwa bahari. Siku za bamvu, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hukauka mbali na kina mama wote wamo mashambani wanafunga na kuvuna mwani. Darasa likawa la siku za maji mafu tu, bahari isipokauka sana. Ofisa aliyekuja kukagua alitikisa kichwa: "Mwalimu, hawa watasahau. Kila mkirudi mtaanza alifu."

Hatukuanza alifu. Tulianza na daftari zimefungwa. Kikundi kina sanduku la hisa lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na tangu zamani wamezoea kutajiana kwa kichwa kiasi kilichomo. Nikaiazima desturi hiyo: kila tukirudi kutoka bamvu, kabla hajafungua mtu ukurasa, kila mmoja atoe alichobakiwa nacho. Mara ya mwisho tuliandika nini? Deni la fulani tuliliweka safu gani? Mwanzoni walinuna. "Si utuoneshe tu, mwanangu?" Lakini wote wamepita chuoni, kusoma Qur'ani, na anayehifadhi hasimami mbele ya ustadhi na msahafu wazi.

Watafiti wawili, Roediger na Karpicke, walilijaribu jambo hili kwa wanafunzi wa chuo kikuu, wakalichapisha mwaka 2006. Dakika tano baada ya somo, waliorudia kusoma waliwashinda waliojipima kwa kukumbuka. Baada ya wiki, mambo yaligeuka. Ndiyo maana kurudia kusoma hudanganya: papo hapo unajiona umejua. Na kusahau si ugonjwa wa uzee. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alipoanza alikuwa na miaka kama 30 tu, na alisahau sehemu kubwa ndani ya siku moja.

Sasa niseme la Bi Mkubwa mmoja, maana ndiye aliyenifundisha zaidi. Umtajie kilo na bei, atakupa jumla kabla hujatoa simu. Lakini elfu saba mia tano aliiandika hivi: 7000500. Nilipomuuliza, alinionesha kwa kidole: "Elfu saba hii hapa, na mia tano ndiyo hii." Ameandika alivyotamka, na alivyotamka ni sawasawa kabisa. Kumwambia amekosea kusingesaidia kitu. Nikapanga mkekani noti saba za elfu, kando yake sarafu tano za mia, kisha nikaacha nafasi mbili. Akahesabu, akaandika 7, akaandika 5, akauliza hizo nafasi tupu azifanye nini. Sifuri ikaingia hapo, kwa swali lake mwenyewe. Wenzake wawili wakafuta zao kimyakimya.

Kuna na fikra kwamba mtu mzima hujiongoza mwenyewe, hapendi kuelekezwa. Malcolm Knowles, Mmarekani mtaalamu wa elimu ya watu wazima, aliieneza sana miaka ya 1970. Nilipowauliza wanataka tuanze wapi, jibu lilikuja moja: "Sie hata cha kuuliza hatukijui. Tufundishe kwanza." Basi nikafundisha, hatua kwa hatua, ubaoni. Kuchagua kulikuja baadaye, walipokwisha kuona daftari linafanya nini.

Siku hizi mnunuzi akija kupima mwani mkavu, katibu wao anaandika kilo zake pembeni, na wakipishana hupimwa tena. Faida ya mkopo kwa asilimia bado inawatoa jasho. Bamvu hili likipita tutaishika tena.