Mstari wa ubavu huvutwa kwa bega

Kwa muda mrefu vyombo vya anga nilivyovichora kwa ajili ya hadithi za kisayansi vilitoka na sura ya bati lililobondwa, ingawa kichwani mwangu vilikuwa nyororo kama kokoto ya mtoni. Nilidhani kilichopungua ni vikorombwezo, kwa hiyo nikaongeza taa, nyaya na matundu, na kila nilipoongeza, chombo kilizidi kuonekana kizito. Kumbe kasoro ilikuwa katika mstari wenyewe.

Mstari mrefu wa ubavu haufai kuchorwa kwa kifundo cha mkono, kwa sababu kifundo kina mzunguko mfupi, na ukiisha mkono husita, na pale uliposita jicho huona kovu. Huchorwa kwa bega. Mimi huipitisha kalamu juu ya karatasi mara tatu au nne bila kuigusa, macho yakiwa pale mstari utakapoishia, ndipo huishusha na kuuvuta kwa pumzi moja. Katika zoezi hili nimeacha penseli na ufutio, nikashika kalamu ya wino ya kuandikia: ukiigusisha tu hutoa mstari hafifu, ukiikandamiza hutoa mweusi, na kwa kuwa haifutiki, hunilazimisha niamue kabla ya kuchora.

Kilichonisumbua zaidi ni duaradufu, yaani duara lililobanwa likawa kama yai. Injini na madirisha ya mviringo ni miduara inayotazamwa kwa upande, nami nilikuwa nikiichora kwa kukisia, mpaka nilipojifunza kwamba mhimili mfupi wa duaradufu, yaani mstari unaoikata katikati pale ilipo nyembamba, hulala juu ya mstari ule ule wa ekseli, yaani ule unaopita katikati ya silinda kwa urefu wake. Nililaza chupa ya chai mezani, nikachora mstari mmoja kutoka katikati ya kifuniko hadi katikati ya kitako, kisha nikazipanga duaradufu zote juu yake kama shanga kwenye uzi. Nilipoisimamisha, mdomo uliokaribia usawa wa macho yangu ulikuwa mwembamba, ilhali kitako kilichokuwa chini zaidi kilipanuka.

Mng'ao nilijifunza kwa pasi. Katika chuma chake kilichosuguliwa, weupe wa dirisha ulipakana ghafla na giza la meza, na mpaka huo ulijipinda kufuata umbo la pasi. Mimi nilikuwa nikisugua kivuli kwa kidole kutoka cheusi hadi cheupe polepole, na ndiyo maana chuma changu kilifanana na udongo wa mfinyanzi.

Mmarekani Syd Mead, aliyebuni magari yarukayo ya filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982, alianzia kazi katika usanifu wa magari kwenye kampuni ya Ford mwaka 1959, na naamini michoro yake inasadikika kwa sababu hiyo, kwani gari ni lazima liwe na mlango unaofunguka na kioo chenye mahali pa kushukia. Siku hizi, kabla sijachora ufa wowote kwenye ganda la chombo, hujiuliza fundi angelifungulia wapi. Nisipopata jibu, ufa huo siuchori.

Chombo ninachokichora wiki hii kina mlango mmoja, taa moja na ubavu wa mstari mmoja. Nimeuvuta mara kumi na tisa, kila mara kwenye karatasi mpya, na huo wa kumi na tisa ndio nilioubakiza.